Kaunti Moja, Wilaya Tatu za Shule: Kisa cha Halifax, North Carolina

Kaunti ya Halifax iko kaskazini-mashariki mwa jimbo la North Carolina nchini Marekani, kandokando ya mto Roanoke. Ni sehemu ya mashamba ya pamba, karanga na tumbaku, na ya miji midogo iliyo mbalimbali. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu wasiofika 49,000, baada ya ile ya 2010 kuhesabu zaidi ya 54,000, na zaidi ya nusu yao ni Wamarekani weusi. Hao ni watu wachache kuliko wakazi wa kata moja kubwa ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Hata hivyo, watoto wao wamegawanywa katika wilaya tatu za shule za umma, kila moja ikiwa na bodi yake, mkurugenzi wake wa elimu, wahasibu wake na mabasi yake: Wilaya ya Kaunti ya Halifax, Wilaya ya Mji wa Weldon, na Wilaya ya Roanoke Rapids.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kutambua kwanza kwamba wilaya ya shule ya Marekani si wilaya ya kiutawala kama tunayoijua sisi. Ni chombo cha umma kilichoundwa kwa kazi moja tu, ya kuendesha shule ndani ya mipaka fulani, na mipaka hiyo inaweza kufuata ya kaunti, kuzunguka mji mmoja, au kupita mahali ambapo mtu wa leo hawezi kueleza kwa nini ilipita hapo. Mtoto husoma katika wilaya ambamo nyumba yao imo. Hivyo mstari uliochorwa katika ramani huamua atakayekaa naye darasani, mwalimu atakayemfundisha, na kiasi cha fedha kitakachofika katika shule yake.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha waziwazi jambo ambalo mijadala mingi kuhusu shule za vijijini hulipita kwa haraka. Tunapoona wilaya inafanya vibaya, tunauliza nani anaiongoza na wanafunzi wamepata alama gani. Katika Halifax maswali hayo ni halali na majibu yake si mazuri, lakini hayatoshi. Naona kwamba kiini cha tatizo ni kutenganishwa kwa mamlaka na wajibu: wenye uwezo wa kugusa mipaka na mgawo wa fedha hawakuwajibishwa kwa matokeo ya watoto, na wanaowajibishwa kwa matokeo hawana uwezo juu ya mipaka wala mgawo huo.

Tuanze na fedha. North Carolina ni jimbo lenye desturi ya kubeba sehemu kubwa ya gharama za elimu. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi kaunti nyingi zilishindwa kulipa walimu, na katika miaka ya 1931 na 1933 bunge la jimbo lilitunga sheria zilizohamishia gharama za uendeshaji wa shule katika hazina ya jimbo, huku majengo yakiachiwa kaunti. Mpango huo kimsingi ungalipo. Jimbo hutoa nafasi za walimu na fedha za uendeshaji kwa kufuata idadi ya wanafunzi, na mshahara wa msingi wa mwalimu hufuata ngazi za jimbo zima. Wilaya za shule zenyewe, kwa kawaida, hazina mamlaka ya kutoza kodi. Fedha za nyongeza na za majengo hutoka kwa makamishna wa kaunti, ambao ni wanasiasa wa kuchaguliwa, tofauti kabisa na wajumbe wa bodi za shule.

Sheria inasema kwamba kaunti yenye wilaya zaidi ya moja lazima igawe fedha zake za uendeshaji kwa usawa kwa kila mwanafunzi. Mtu akiishia hapo ataona haki imetendeka. Lakini ipo njia ya pili. Wakazi wa eneo la wilaya wanaweza kuidhinisha kwa kura kodi ya ziada ya ardhi na majengo kwa ajili ya shule zao, na Roanoke Rapids na Weldon zina kodi hiyo, ilhali wilaya ya kaunti haina. Na ipo njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyofichika zaidi. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, makamishna huchagua namna ya kugawa mapato ya kodi ya mauzo ndani ya kaunti: ama kwa idadi ya watu, ama kwa kulinganisha kiasi cha kodi ya mali ambacho kila chombo hutoza. Makamishna wa Halifax walichagua njia ya pili. Chombo kinachotoza kodi ya ziada kikahesabiwa katika mgawo, na kisichotoza hakikupata kitu. Kwa hiyo mkulima wa Enfield au Scotland Neck, miji midogo iliyo katika wilaya ya kaunti, anaponunua kiatu au jokofu dukani analipa kodi ya mauzo sawa na mkazi wa Roanoke Rapids, lakini sehemu ya fungu hilo inayokwenda moja kwa moja katika shule huishia katika wilaya mbili za mjini, wala haifiki katika shule ya mwanawe. Hakuna aliyevunja sheria. Ni uamuzi wa kihasibu unaopitishwa upya kila mwaka, na jumla yake kwa miaka mingi ni mamilioni ya dola.

Mtanzania anayeijua Korogwe au Njombe amezoea kuona halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya zikipakana, kila moja na mapato yake ya ndani, na anajua jinsi ile ya mji inavyoondoka na stendi, soko na ushuru wa maduka. Ulinganisho huo unasaidia, mradi tusisahau kwamba katika Halifax wilaya yenye fungu la ziada inaweza kumwongezea mwalimu posho juu ya mshahara wa jimbo, na jirani yake asiye na fungu hilo akabaki anamtazama mwalimu akihama.

Mipaka yenyewe ina historia, na hapa inafaa tukae kidogo. Weldon ulikuwa mji wa reli. Njia iliyoanzia Wilmington, pwani ya kusini, ilifika Weldon mwaka 1840, na wakati huo ilikuwa miongoni mwa njia ndefu kuliko zote duniani. Roanoke Rapids ulikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, kama mji wa viwanda vya nguo vilivyotumia nguvu ya maporomoko ya mto. Wilaya yake ya shule ilipata hati mwaka 1907, wakati ambapo wenye viwanda walitaka shule nzuri kwa ajili ya wafanyakazi wao na walikuwa tayari kuzitozea kodi. Kazi za viwandani, isipokuwa zile za chini kabisa, walipewa weupe kwa miongo mingi. Mji ukawa wa weupe kwa sababu ajira ilikuwa ya weupe, na wilaya ya shule ikaufuata mji. Sehemu nyingine yote ya kaunti, mashambani na katika miji midogo, ikawa chini ya bodi ya kaunti, na humo ndimo walimokuwa wajukuu wengi wa watu waliolima mashamba hayo wakiwa watumwa.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotangaza mwaka 1954 kwamba shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi ni kinyume cha katiba, Halifax haikubadilika kwa muda mrefu. Mwaka 1965 bodi ya kaunti ilipitisha mpango wa kila mzazi kuchagua shule, na matokeo yake ni kwamba weusi walio wengi mno waliendelea kusoma katika shule za weusi watupu, kwani mzazi aliyefanya kazi katika shamba la mtu mweupe hakuwa huru kuchagua kama karatasi ilivyodai. Katika mwaka wa masomo wa 1968/69 wilaya ya kaunti ilikuwa na wanafunzi 10,655: weusi 8,196, weupe 2,357, na watoto 102 wa wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1968 Wizara ya Sheria ya serikali kuu iliibana bodi, nayo ikakubali kwamba ifikapo msimu wa masomo wa 1969 shule zote zingeunganishwa.

Ndipo Scotland Neck ilipojitokeza. Huu ni mji wa watu wasiofika 3,000 upande wa kusini-mashariki wa kaunti. Mapema mwaka 1969 bunge la jimbo lilipitisha sheria mahususi kwa mji huo mmoja, ikiwaruhusu wakazi wake kupiga kura ya kujitenga na wilaya ya kaunti na kuanzisha wilaya yao, pamoja na kodi yao ya ziada. Kura ilipigwa mwezi Aprili: 813 waliunga mkono, 332 walikataa. Wilaya mpya ingekuwa na wanafunzi 695, kati yao weupe 399 na weusi 296. Mara moja ukafunguliwa mlango wa uhamisho, na maombi ya kuingia yakatoka kwa wanafunzi weupe wapatao 350 wanaoishi nje ya mji, na kwa weusi 10 tu, huku weusi 44 wakiomba kutoka. Shule ya Brawley, iliyokuwa ya weusi watupu na iliyosimama nje kidogo tu ya mpaka wa mji, ingebaki na wanafunzi weusi kwa zaidi ya asilimia 90.

Watetezi wa sheria hiyo walieleza kwamba walitaka mambo matatu: mji uwe na sauti katika shule zake, shule zipate fedha zaidi, na weupe wasikimbilie shule binafsi. Sioni sababu ya kudhani kwamba lile la fedha lilikuwa la uongo, kwa maana shule za kaunti zilikuwa hoi kweli. Lakini Wizara ya Sheria ilifungua shauri, ambalo baada ya kushinda katika mahakama ya wilaya ya shirikisho na kushindwa katika rufaa lilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 22 Juni 1972 majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria ya Scotland Neck isingeruhusiwa kufanya kazi, kwa kuwa athari yake ingekuwa kukwamisha uvunjaji wa mfumo wa utengano, na hofu ya kwamba weupe wangekimbia haikuwa sababu ya kukubali chochote pungufu ya kuuvunja mfumo huo. Siku hiyohiyo mahakama iliamua shauri linalofanana la mji wa Emporia, ng'ambo ya mpaka katika jimbo la Virginia, lakini huko majaji waligawanyika watano kwa wanne.

Ushindi huo una kasoro ambayo haikuonekana sana wakati ule. Mahakama iliuzuia mpaka mpya. Haikuigusa mipaka ya zamani ya Roanoke Rapids na Weldon ambayo, kwa kuwa ilichorwa mwanzoni mwa karne, haikuweza kudaiwa kuwa hila ya kukwepa amri ya kuunganisha shule. Kwa hiyo kaunti ikabaki na wilaya tatu ambazo mgawanyiko wake wa rangi ulikuwa mkubwa kuliko ule uliokatazwa Scotland Neck, lakini zikiwa salama kwa sababu ya umri wake. Nao weupe wengi wa kusini mwa kaunti walifanya kile walichosema wangefanya: waliwatoa watoto wao na kuwapeleka katika shule binafsi zilizofunguliwa katika miaka hiyohiyo.

Kuanzia hapo wilaya ya kaunti ilianza kupungua, na kupungua kwenyewe kukawa sababu ya matatizo mapya. Kutoka wanafunzi zaidi ya 10,000 mwaka 1969, ilishuka hadi chini ya 3,000 kufikia katikati ya miaka ya 2010. Sababu si rangi pekee. Mashine zilichukua kazi za mashambani, vijana walihamia miji mikubwa, na viwanda vya nguo vya Roanoke Rapids, ambavyo wafanyakazi wake walipigania chama chao dhidi ya kampuni ya J.P. Stevens tangu kura ya 1974 hadi mkataba wa 1980, vilifungwa kimoja baada ya kingine hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Thamani ya mali inayotozwa kodi ikashuka kwa kaunti nzima.

Wilaya inapopoteza wanafunzi, mapato hupungua kwa kila kichwa kinachoondoka, lakini gharama hazipungui kwa mwendo huo. Wanafunzi 40 wakitoka katika shule yenye madarasa sita, hakuna darasa linaloweza kufungwa, paa halipungui ukubwa, na mkuu wa shule bado anahitajika. Kaunti ina zaidi ya maili za mraba 700, na sehemu kubwa iko chini ya wilaya hii. Basi la shule linapita barabara ileile ndefu, likiwa na watoto 50 au 15. Njia iliyobaki ni kufunga shule na kuwasafirisha watoto mbali zaidi, na kila shule inayofungwa katika mji mdogo huwapa wazazi wengine sababu ya kuondoka. Jimbo lina mafungu maalumu ya kuzisaidia kaunti zenye uwezo mdogo, nayo yamesaidia. Hata hivyo ni nyongeza juu ya mfumo ambao kwa asili yake humlipa aliye na wanafunzi wengi.

Walimu ndio pengo kubwa kuliko yote. Mwalimu kijana aliyehitimu anaweza kwenda saa moja na nusu kwa gari kuelekea kusini-magharibi na kufundisha kaunti ya Wake, ambako posho ya nyongeza ni miongoni mwa kubwa katika jimbo na nyumba za kupanga ni nyingi. Halifax imeishi kwa walimu wa muda: vijana wa mpango wa Teach For America, unaowapeleka wahitimu wa vyuo kufundisha kwa muda katika shule zenye uhitaji, ulioingia mashariki mwa North Carolina tangu mwaka wake wa kwanza, 1990, na baadaye walimu kutoka nchi za nje wenye viza za muda maalumu. Wengi wao wamefundisha kwa bidii. Lakini shule inayobadilisha walimu kila baada ya miaka miwili au mitatu haina wa kumkabidhi mwenzake kumbukumbu ya watoto, ya nani alikwama wapi katika hesabu na nani ana ndugu anayehitaji kufuatiliwa, na kazi ya kuanza upya huwaangukia watoto walewale.

Mwaka 1994 Halifax ilikuwa miongoni mwa wilaya tano zenye uwezo mdogo zilizolishtaki jimbo katika shauri linalojulikana kama Leandro, pamoja na Hoke, Robeson, Vance na Cumberland. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya North Carolina iliamua kwamba katiba ya jimbo haidai fedha sawa kwa kila wilaya, ila inampa kila mtoto haki ya kupata fursa ya elimu ya msingi iliyo timamu. Jaji Howard Manning, aliyepewa kazi ya kusimamia utekelezaji, aliipeleleza Halifax kwa karibu. Mwaka 2009 aliyaita yaliyokuwa yakitokea katika wilaya ya kaunti mauaji ya halaiki ya kielimu, na wizara ya elimu ya jimbo ikaingia: timu zake ziliwekwa katika shule, walimu wakapelekwa mafunzoni, wakuu wa shule wakapewa wasimamizi wa kuwaelekeza.

Maneno ya Jaji Manning yalikuwa makali, na naamini yalitoka kwa mtu aliyeumizwa na alichokiona. Msimamo wake ulikuwa kwamba tatizo la kwanza halikuwa fedha bali watu wazima: uongozi wa shule uliolegea, madarasa yasiyokaguliwa, na walimu wasiofundisha kile mtihani wa jimbo ulichodai. Kwa sehemu alikuwa sahihi. Wilaya yenye ufukara haisamehewi kwa kuacha kufundisha kusoma, na zipo hatua ambazo bodi ya Halifax ingeweza kuzichukua bila senti ya ziada na haikuzichukua kwa wakati. Hata hivyo, uingiliaji huo ulichukua mipaka kama jambo la maumbile, kama mto Roanoke ulivyo. Uliwaelekeza walimu waliokuwapo, na walimu hao wakaendelea kuondoka kwa sababu zilezile. Matokeo yalipanda hapa na pale, lakini jimbo lilipoanza kutoa madaraja ya herufi kwa kila shule kuanzia matokeo ya mwaka wa masomo 2013/14, shule nyingi za wilaya ya kaunti zilipata D na F. Madaraja hayo yalihesabiwa kwa asilimia 80 kutokana na alama za mwanafunzi na asilimia 20 tu kutokana na maendeleo yake ndani ya mwaka. Shule inayompokea mtoto aliye nyuma kwa miaka miwili na kumsogeza mwaka mmoja na nusu inaweza bado kuandikwa F, na mzazi anayesoma gazeti huona hiyo F, asione kile kilichosogezwa.

Kufikia wakati huo zaidi ya wanane kati ya kila wanafunzi kumi wa wilaya ya kaunti walikuwa weusi, katika Weldon zaidi ya tisa kati ya kumi, ilhali takriban theluthi mbili ya wanafunzi wa Roanoke Rapids walikuwa weupe. Kituo cha haki za kiraia cha Chuo Kikuu cha North Carolina kilichapisha mwaka 2011 uchunguzi kuhusu hali hiyo kikipendekeza muungano wa wilaya tatu, na Agosti 2015 wazazi na walezi kadhaa, pamoja na tawi la kaunti la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, na chama cha wananchi wa huko, walifungua shauri. Hawakulishtaki jimbo. Waliwashtaki makamishna wa kaunti, wakisema kwamba ndio waliochagua mgawo wa kodi ya mauzo, ndio wenye dhamana ya majengo yenye dari mbovu na mitambo ya joto na baridi isiyofanya kazi, na kwamba sheria inawapa uwezo wa kuandaa muungano wa wilaya zilizo ndani ya kaunti yao, jambo walilokataa kulifanya. Kwa maneno mengine, walimfuata mwenye mamlaka.

Mahakama ya mwanzo ililitupa shauri mwaka 2016. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nayo Septemba 2017, huku jaji mmoja kati ya watatu akipinga, na tarehe 21 Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo ikahitimisha: wajibu wa kikatiba wa kumpa mtoto elimu timamu ni wa jimbo, na hata kama bunge limeikabidhi kaunti sehemu ya kazi ya kifedha, kaunti haiwezi kushtakiwa kwa wajibu huo. Kisheria hoja hiyo inaeleweka, na inatokana moja kwa moja na uamuzi wa 1997. Matokeo yake kwa mzazi wa Halifax ni kwamba lazima alishtaki jimbo, ambalo halichagui mgawo wa Aprili, kwa madhara yanayotokana na mgawo wa Aprili. Shauri la Leandro lenyewe limeonyesha njia hiyo ni ndefu kiasi gani. Mwaka 2021 mahakama iliagiza dola bilioni 1.75 zihamishwe kutoka hazina kwenda shule, Mahakama ya Juu ikaunga mkono uwezo wa kutoa amri hiyo Novemba 2022 kwa kura nne dhidi ya tatu, kisha, baada ya uchaguzi kubadili wingi wa majaji, shauri likasikilizwa upya Februari 2024. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka lilipofunguliwa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30.

Je, muungano ungekuwa tiba? Wapo wanaoona jibu ni rahisi, kwa kuwa North Carolina imeunganisha wilaya nyingi: Raleigh na Wake mwaka 1976, Durham mwaka 1992, Greensboro na High Point na Guilford mwaka 1993, na Cleveland mwaka 2004. Jimbo lenye kaunti 100 lina wilaya 115, hivyo Halifax yenye tatu ni kioja. Ofisi moja badala ya tatu ingeokoa fedha, mgawo wa kodi ya mauzo usingekuwa na wa kumwacha nje, na mwalimu aliyeajiriwa Roanoke Rapids angeweza kupangwa Enfield.

Lakini upinzani haukutoka kwa weupe wa Roanoke Rapids peke yao, na ni kosa kuusimulia hivyo. Weldon ni wilaya ya weusi inayoongozwa na weusi, yenye kodi yake ya ziada, na wapo wazee wa huko wasiotaka kuitoa mikononi. Wana kumbukumbu ya kuwaunga mkono. Shule zilipounganishwa katika jimbo hili, zilizofungwa zilikuwa za weusi kwa sehemu kubwa, na walioshushwa vyeo walikuwa wakuu wa shule weusi: mwaka 1963 weusi zaidi ya 200 waliongoza shule za sekondari za North Carolina, na kufikia 1970 waliobaki hawakufika 10. Mtu aliyeona mkuu wa shule aliyemlea akigeuzwa kuwa msaidizi wa michezo hawezi kulaumiwa akiuliza nani atakayekalia kiti cha mkurugenzi baada ya muungano, na bodi itachaguliwaje. Mpango wa muungano usioanza na maswali hayo hautapata kura za watu unaodai kuwasaidia. Naamini pia kwamba maswali hayo yana majibu, kama vile kuchagua wajumbe kwa majimbo madogo ili kila sehemu ya kaunti iwe na mtu wake, na kuandika katika mpango wenyewe ni shule zipi hazitafungwa.

Kuna tukio moja lililofuata hukumu ya Desemba 2018 kwa wiki chache tu. Katika mji mdogo wa Hobgood, kusini mwa Scotland Neck na ndani ya kaunti hiyohiyo, kulikuwa na shule binafsi ya kulipia karo, moja ya zile zilizofunguliwa wakati wa kuunganishwa kwa shule za umma, na wanafunzi wake wengi mno walikuwa weupe. Wanafunzi walikuwa wanapungua na karo zilikuwa zinawalemea wazazi. Januari 2019 bodi ya elimu ya jimbo iliiidhinisha igeuke kuwa shule ya umma inayojiendesha yenyewe, nje ya wilaya zote tatu, bila karo. Ilifunguliwa kwa sura hiyo baadaye mwaka huohuo, na kuanzia siku hiyo fedha za umma zikawa zinamfuata kila mtoto aliyeandikishwa hapo, ikiwa ni pamoja na wale ambao wangekuwa wanafunzi wa wilaya ya kaunti.